Nimerudi Mwanza na swali la kwanza kila mahali ni "una bando?"

Nimerudi Mwanza Agosti 2025, nilikuwa Uingereza tangu 2010. Wenzangu walioko huko bado wananiuliza kila siku bongo kukoje, viwanja bei gani, umeme unakatika bado, na mimi kabla ya hayo yote huwa nawaambia kitu kimoja, kwamba nchi tuliyoiacha ilikuwa inaishi kwa redio, magazeti na mdomo, saivi inaishi ndani ya simu, na mwenye uwezo wa kuzima hiyo simu ana uwezo juu ya biashara yako na kura yako kwa pamoja. Naona tunalijadili hili vipande vipande, wa siasa wanalalamikia mitandao kufungwa, wa biashara wanalalamikia makato na bei za bando, kila mtu na kona yake, wakati mtu aliyepo kwenye kona zote mbili ni yule yule mama anayeuza dagaa.

Mimi nimezaliwa Sengerema, mzee wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na redio yake ilikuwa inakaa juu ya kabati, hakuna mtoto kuigusa. Kwa wadogo zetu ambao hawakuikuta ile hali, bara tulikuwa na redio moja tu kwa miaka mingi, Radio Tanzania Dar es Salaam, tv ndo usiseme, Zanzibar walikuwa na tv ya rangi tangu miaka ya 1970 sisi huku bara tukasubiri mpaka 1994 ITV ilipoanza. Kwa hiyo serikali ikisema jambo linasikika Mtwara mpaka Bukoba saa hiyo hiyo na hakuna wa kulisema vingine. Faida zake zilikuwepo, tuwe wakweli. Mzee alikuwa anatusimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, watu wanakaa vikundi vikundi kuzunguka redio na vijitabu mkononi, kipindi kikiisha wanabeba majembe wanaenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, na walioingia kwenye vile vikundi walikaribia milioni mbili, kwa nchi maskini vile! Sijui ni waziri gani leo anaweza kuwakusanya watu hivyo. Lakini redio hiyo hiyo ilipofika 1983 kwenye ule msako wa wahujumu uchumi ilikwambia kilichokamatwa na nani kakamatwa, kwamba kwa nini dukani hakuna sukari wala sabuni hilo ulijibu mwenyewe, ndo maana mzee akishasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku alikuwa anazungusha kitufe taratibu anatafuta BBC, anapunguza sauti, anasikiliza na hao, halafu anakaa kimya anapima.

Rika langu mimi kilichotufungua macho ni Bunge laivu. Februari 2008 mbunge Mwakyembe anasoma ripoti ya kamati ya Richmond, ile kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, nilikuwa Kirumba, tumejazana kwenye baa moja saa za kazi kabisa, machinga wameweka bidhaa chini, mwenye baa kaacha kuhudumia na hakuna anayemdai soda, wote macho kwenye kale ka tv kalikofungwa juu ya friji. Tarehe 7 waziri mkuu Lowassa akasimama akasema anajiuzulu. Kuna mama lishe alikuwa kasimama mlangoni na sahani za watu mkononi akauliza kwa sauti kabisa, hivi waziri mkuu naye huwa anatoka? Hakuna aliyemjibu, lakini mimi nadhani siku ile watu wengi sana nchi hii walijiuliza swali lake. Hakuna aliyetusimulia, hakuna aliyetuchujia, tumeona wenyewe mkataba wa umeme unavyoondoka na waziri mkuu, na kuanzia hapo hata fundi cherehani alikuwa anajua kinachoitwa kapasiti chaji, hela inayolipwa kampuni ya umeme hata isipozalisha, na kwa nini bili yake iko vile.

Sasa mimi nikiwa Leicester, Januari 2016, nasikia Nape Nnauye wakati huo ndo waziri wa habari anatangaza TBC haitaonyesha tena Bunge laivu, sababu ni gharama. Niliumia sana na naumia mpaka leo. Gharama unaweza kuibana, lakini ile elimu ya bure ya bajeti kwa mtu wa Magu au Misungwi ambaye hana gazeti utailipia kwa nini? Baada ya hapo yakafuatana, 2017 mwaka mmoja tu magazeti manne yanafungiwa, Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema, Tanzania Daima, na Novemba mwaka huo huo Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi, akachukuliwa Kibiti na hajaonekana tena mpaka leo. 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, ukitaka kuendesha blogu au tv ya mtandaoni unalipia maombi laki moja, leseni milioni moja, na ada ya mwaka milioni moja nyingine. JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, ikabidi wazime mtambo kwa muda Juni ile.

Hapa ndo huwa nataka wachumi wanisikilize. Nina rafiki yangu wa Geita alikuwa na blogu yake, anaandika bei za mazao minadani, ajali za barabarani, nani kafiwa, mechi za mchangani, mtaji wake wote ni simu na modemu, na wenye maduka pale mjini walishaanza kumlipa vijihela awawekee matangazo. Milioni mbili na laki moja atoe wapi? Akaacha, saivi anachoma mishikaki. Sheria iliandikwa kwa ajili ya wanaoichokoza serikali, ikafunga ajira ya mtu ambaye hajawahi hata kuitaja serikali, na Geita ikabaki haina anayeiandika.

Nakiri yapo yaliyolegezwa. Februari 2022 Mawio, MwanaHalisi na Tanzania Daima yalirudishiwa leseni, ada za mtandaoni zilipunguzwa, 2023 Sheria ya Huduma za Habari ikarekebishwa, ile ile ya 2016 ambayo Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ilishasema mwaka 2019 vifungu vyake vingi vinavunja mkataba wa jumuiya. Lakini mimi nimetua nyumbani nikakuta X, Twitter ya zamani, haifunguki tangu Mei 2025, baada ya akaunti ya polisi kudukuliwa, na ukitaka kuifungua utumie VPN, apu ya kupita pale palipofungwa, na VPN tangu Oktoba 2023 ulitakiwa uisajili. Nikawauliza vijana wa mtaani mnafanyaje, wakanicheka tu, kila mmoja anayo.

Sasa nije kwa dada yangu maana yeye ndo amenifundisha mengi kuliko yote. Ana biashara ya dagaa pale mwaloni Kirumba na pembeni ana kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa hela. Wakati naondoka, mfanyabiashara wa dagaa akitaka kujua mzigo visiwani ukoje alikuwa anapanda boti kwenda Ukerewe au Goziba mwenyewe, analala huko, anarudi anakuta bei Kirumba imeshashuka kwa sababu wenzake kumi nao wamerudi na magunia. Dagaa wana msimu wao ndani ya mwezi, wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika, kwa hiyo bei inapanda na kushuka na mwezi, na aliyewahi kujua alikuwa anamkandamiza asiyejua. Saivi dada anaamka saa kumi na moja alfajiri hata hajanawa uso anafungua WhatsApp, grupu lina wavuvi, wenye boti, madalali, wateja wa Kahama na wateja wa Kongo, video zinaingia, dagaa wameanikwa kwenye chanja wanang'aa au wamepauka, wenye mchanga unawaona hapo hapo, mtu anasema bei yake kwa sauti ya voisi, mwingine anapinga, ikifika saa moja bei ya siku imeshajulikana visiwani na mjini kwa pamoja. Dalali ndo aliyeumia, na simuonei huruma sana.

Grupu hilo hilo saa mbili usiku linageuka Bunge. Nimekaa nalisoma nikashangaa, baada ya bei za dagaa inakuja klipu ya mbunge, inakuja picha ya risiti ya ushuru wa mwaloni watu wanauliza hela hizi zinaenda wapi mbona choo kimeziba, diwani naye yumo humo anajibu, anabanwa, anatoka kwenye grupu, anarudishwa. Mtu wa nje akiangalia anaona umbea, mimi naona kitu ambacho mzee wangu hakukipata maisha yake yote na redio yake juu ya kabati, kumuuliza kiongozi swali na yeye ajibu wakati wote mnasikia.

Na wananchi wakiwa na njia ya kusema mambo yanabadilika, mifano ipo. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotoka watu walipiga kelele mpaka zikasitishwa. Julai mwaka ule ule ikaja tozo ya miamala, kutuma hela tu unakatwa mpaka elfu kumi kwa muamala mkubwa juu ya makato ya kampuni. Dada alikuwa ananipigia analia, wateja wameacha kutuma kwa simu, wanafunga noti kwenye bahasha wanampa kondakta wa basi kama zamani, kibanda kinakaa siku nzima na floti imelala tu. Kelele zikawa kelele, Septemba tozo ikapunguzwa asilimia 30, 2022 ikapunguzwa tena, 2023 ile ya kutuma ikaondolewa. Wakenya wenyewe Juni 2024 tuliwaona, muswada wa fedha wakauchambua kifungu kwa kifungu kwenye simu mpaka mtu ambaye hajawahi kushika muswada akajua mkate wake unapandaje bei, wakachangishana hospitali kwa M-Pesa, vijana wengi wakafa, na tarehe 26 Ruto akasema hasaini. Ukiyaweka hayo pamoja unaelewa kwa nini kuna watu wanaiogopa hii simu kuliko wanavyoogopa chama cha upinzani.

Oktoba 29, 2025 sasa. Siku ya uchaguzi. Mchana mtandao ukazimwa nchi nzima, na ulirudi Novemba 3 siku ambayo Rais anaapishwa Dodoma. Yaliyotokea siku zile mnayajua kiasi, Dar ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku, watu waliuawa, idadi yao inabishaniwa mpaka leo na iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Chande kuchunguza. Mimi sina cha kuongeza juu ya vifo zaidi ya kwamba kubishana kwenyewe kumetokana na giza lile, kwa sababu siku ambazo nchi ilihitaji waandishi wa habari kuliko siku zote ndo siku ambazo wengi hawakuweza kutuma hata picha moja, kwa hiyo kila upande umebaki na hesabu yake, na mama aliyefiwa hana pa kuonyesha.

Naweza kusema nilichokiona kwenye kibanda cha dada. Asubuhi ya pili alikaa na simu mkononi anaizima anaiwasha, grupu limesimama kwenye ujumbe wa mwisho wa jana yake, voisi ya mtu wa Goziba ambayo haijamaliza kupakuliwa, kale kaduara kanazunguka tu. Mzigo wa mteja wake wa Lubumbashi ulikuwa umeshafungwa magunia, lori liko tayari, mteja kalipa nusu kupitia benki lakini slipu inatumwa kwa WhatsApp na apu ya benki haifunguki, benki yenyewe milango imefungwa. Dereva anauliza niondoke? Dada hajui. Jirani anauza samaki wabichi, yeye ndo hakuwa na cha kusubiri, barafu iliyeyuka akawakaanga wote akawagawa kwa bei ya kutupa. Kijana wa jirani yetu anaendesha bodaboda ya kuitwa kwa apu, alikaa barazani siku zote zile na pikipiki ni ya mkopo wa kila siku. Hawa wote hakuna aliyekuwa barabarani kuandamana.

Na uvumi, jamani. Wanaozima mitandao sababu yao kubwa ni kwamba inaeneza uongo na kuchochea watu, na uongo upo kweli, sibishi, nimeuona sana kwenye hilo hilo grupu la dagaa, mtu anatuma video ya nchi nyingine anasema ni Mbeya. Lakini kwenye grupu dakika mbili anatokea mtu wa Mbeya anasema acha uongo mimi niko hapa. Siku zile hakukuwa na mtu wa Mbeya. Kila bodaboda alikuwa na habari yake, mara mafuta yameisha nchi nzima, mara benki zitafungwa mwezi, unga ukapanda pale mtaani kwetu kwa saa chache tu kwa sababu ya maneno. Mama alitoa redio akaiweka mezani, tukakaa tunasikiliza matokeo ya majimbo yanasomwa moja baada ya jingine, akaniambia mwanangu hii haisemi tunachouliza. Ana miaka zaidi ya sabini, alishaishi na redio moja, anajua anachosema.

Kuna watu wananiambia mbona Mei 2024 intaneti ilikata nyaya za baharini zilipokatika na hakuna aliyekufa. Ni kweli, niliikumbuka ile Jumapili, nilikuwa Leicester simpati mama kwenye video, lakini ile ilitangazwa, kampuni zilisema ni nyaya za EASSy na Seacom, meli inaenda kutengeneza, mfanyabiashara anajua asubiri nini. Hii hujui imezimwa na nani, kwa sheria gani, mpaka lini, na hutalipwa hasara yako na mtu yeyote. Yule mteja wa Lubumbashi tulipompata baadaye alisema kwao waliyaona kabla yetu, baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 Kongo ilikaa karibu wiki tatu bila intaneti. Uganda nao Januari 2021. Na Afrika hii hii Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilishaamua 2020 kwamba Togo ilivunja haki za watu ilipozima intaneti 2017, kwa hiyo njia ya kudai kisheria ipo, si ndoto. Ninachotaka mimi ni mambo ya kawaida kabisa, Bunge lirudi laivu, na mtu asiweze kuzima mtandao wa nchi nzima bila kwenda mbele ya hakimu kutaja sababu na tarehe ya kuuwasha.

Nyie mnaotaka kurudi na kufungua biashara, mkiwa mnapiga hesabu zenu huko wekeni na hili. Msiangalie tu bei ya eneo na kodi ya mapato, angalieni wateja wenu watawapataje siku mtandao haupo, wekeni namba zao za kawaida kwenye daftari la karatasi, dada ameshafanya hivyo, anayo madaftari mawili, moja la visiwani na moja la Kongo. Lakini daftari haliwezi kurudisha kitu kimoja. Yule mteja wa Lubumbashi alikuwa analipa nusu kabla ya lori kuondoka, na hiyo nusu ndo ilikuwa inanunua mzigo unaofuata. Tangu Novemba anasema atalipa yote mzigo ukifika, hawezi tena kutuma hela halafu akae siku tano hajui kama imeingia, na simlaumu. Kwa hiyo dada anakopa kikoba kujaza lile pengo, riba asilimia kumi kwa mwezi, na giza lijalo la mwezi, msimu wa dagaa, linaanza wiki ijayo, wavuvi wameshaanza kuuliza nani ana hela mkononi.